Majina Yasiyo Kwenye Marumaru: Mafundi na Mafunzo ya Ufundi katika Ufuko Wetu wa Ziwa

Aingiaye hekaluni kwetu huvua viatu kando ya mlango mkubwa, na akiinua uso macho yake hukutana na jiwe la marumaru lililochongwa majina ya wafadhili. Jina la marehemu baba yangu limo, katika mstari wa nne. Kamati ya maadhimisho iliponiomba niandike makala ya historia kwa ajili ya jarida hili la kumbukumbu, nilikwenda kulisoma jiwe hilo upya, nikiwa na kalamu na daftari. Nililisoma mara mbili. Humo nimekuta wenye maduka, wenye vinu vya kuchambulia pamba, wenye malori na mawakala wa bima. Sikumkuta mwashi hata mmoja wala seremala, ingawa kuta zilisimamishwa na watu na mlango ule haukujichonga wenyewe.

Kwa hiyo nimeona niandike juu ya wale wasiotajwa. Historia ya wafadhili imeshaandikwa mara nyingi, tena kwa herufi za dhahabu.

Nianze na neno lenyewe. Kiswahili humwita mtu wa kazi ya mikono fundi, na katika neno hilohilo yamo kufunda, kufundisha, mafunzo na mwanafunzi. Ina maana kwamba wazee walioijenga lugha hii hawakutenganisha anayejua kutenda na anayejua kufundisha. Anayetaka kujua ni lini tulianza kuwatenganisha itambidi afuate njia ndefu kidogo, nami namwomba msomaji avumilie.

Wengi wa majirani zetu wa Kirumba hudhani kwamba kila Mhindi alizaliwa nyuma ya kaunta. Si kosa lao, kwani ndivyo walivyotukuta. Lakini huko Gujarat walikotoka wazee wetu, vijiji vilijaa mafundi wa kila namna, kila kazi na ukoo wake: suthar waliochonga mbao, luhar waliofua chuma, kadia waliojenga, soni waliofua dhahabu, darji walioshona nguo, mochi walioshona viatu, kumbhar waliofinyanga vyungu. Baba alimfundisha mwana, na mwana hakuhitaji cheti kwa sababu kijiji kizima kilikuwa shahidi. Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba wote hao waliheshimiwa sawasawa. Mochi aliyeshika ngozi hakukaribishwa kila ukumbi. Mfinyanzi alitengeneza chungu cha maji ya ibada, akakikabidhi mlangoni, akarudi kwake. Dhambi hiyo tulikuja nayo melini pamoja na masanduku yetu.

Dini yenyewe haikufundisha hivyo. Katika Rig Veda zimo tenzi za kumtukuza Vishwakarma, mtengenezaji wa vyote, ambaye mafundi humheshimu kama mlezi wao. Wagujarati huiadhimisha sikukuu yake katika siku ya 13 ya nusu angavu ya mwezi wa Maha, na siku hiyo fundi hasagi wala hapigi randa. Huviosha vyombo vyake, akavipaka kumkum na kuvitolea maua. Sisi wafanyabiashara tuna ibada yetu ya Diwali, chopda pujan, ambapo huvileta vitabu vya hesabu mbele ya Lakshmi. Nitasema jambo ambalo wajumbe wenzangu wanalijua: usiku wa chopda pujan ukumbi wetu hujaa hadi watu hukaa ngazini, na siku ya Vishwakarma mtu anaweza kuchagua kiti.

Sasa nije Afrika. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwezi Desemba 1901. Waliletwa kutoka Bara Hindi watu wapatao 32,000, wengi wao kutoka Punjab, na pamoja na vibarua walikuwamo maseremala, wahunzi, waashi na mafundi wa injini. Takriban 2,500 walikufa. Wengi waliobaki hai walirudi makwao, na wapatao 6,700 wakabaki. Kwa mkono wa mafundi wa namna hiyo ziwa letu lilipata vyombo vya chuma: meli ya William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa baharini na nchi kavu, ikaungwa tena Kisumu na kuteremshwa majini mwaka 1900. Vivyo hivyo, miaka 60 baadaye, meli ya Victoria, ambayo wengi wetu tumeipanda kwenda Bukoba, iliundwa Glasgow na kuungwa upya Kisumu kabla ya kuanza safari mwaka 1961. Chombo kilichokatwa vipande elfu hakiungwi na hotuba. Kinaungwa na mtu anayejua msumari wa ribiti unapaswa kuwa mwekundu kiasi gani kabla ya kupigwa nyundo.

Mafundi hao waliacha alama hata katika Kiswahili. Karakana ni neno lililotufikia kwa njia ya Uajemi na Bara Hindi. Randa ya seremala vilevile. Gari ni letu. Na dobi, ambaye pia ni fundi wa aina yake, ni wetu kabisa.

Lakini haingekuwa haki kusema kwamba ufundi uliletwa hapa na wageni. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Buhaya, mwanaakiolojia Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery, profesa wa uhandisi, walichimbua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma, na mwaka 1978 waliuarifu ulimwengu kwamba kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita wahunzi wa ufuko ule walikuwa wakipata chuma chenye sifa ya chuma cha pua. Wazee wa Kihaya waliokuwa wangali wakikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri mbele yao, wakaiendesha kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Huku upande wetu, katika nchi ya Geita, walikuwapo Warongo, wafua chuma ambao majembe yao yalivuka hadi Usukuma na Unyamwezi. Jembe halikuwa kifaa cha kulimia tu. Lilikuwa fedha, na lilikuwa mahari. Nadhani hiyo ni heshima kubwa kuliko zote ambazo fundi amewahi kupewa mahali popote: kazi ya mikono yake ilitumika kuoza mabinti. Kisha yakaja majembe ya kiwandani kutoka Ulaya, mepesi na ya bei ndogo, na matanuri yakazimika. Maarifa ya vizazi vingi yakabaki kwa wazee wachache, nao wakaondoka.

Babu yangu aliingia Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati reli kutoka Tabora ilipofika ziwani mwaka 1928. Kwa Kigujarati babu mzaa baba huitwa dada, jambo lililowafanya majirani wacheke kila tuliposema kwamba dada yetu ana masharubu. Alikuwa suthar. Alitengeneza milango, mapaa na vipuri vya mbao vya vinu vya pamba, na kila mtu alimwita Mistri. Pembeni mwake, kwa miaka zaidi ya 20, alifanya kazi Msukuma wa rika lake, ambaye sisi watoto tuliambiwa tumwite Mzee Fundi. Mimi nilimdiriki akiwa amezeeka. Alikuwa na tezo aliyoishika kama mtu ashikavyo kijiko, na akitazama ubao wa mninga alijua utapindia wapi ukikauka.

Katika daftari la babu, ambalo ninalo, malipo ya watu hao wawili yameandikwa bega kwa bega. Mzee Fundi alipokea theluthi ya alichopokea babu kwa kazi ileile. Serikali ya kikoloni ilipanga mishahara kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na shule zikapangwa kwa ngazi hizohizo. Babu hakuutunga utaratibu huo. Aliufuata, na aliuandika kwa mwandiko mzuri.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kazi ya mikono ilipopata doa ambalo hatujalifuta hadi leo. Mwaka 1924 ilipita Afrika Mashariki tume ya Phelps-Stokes ya Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika msomi, James Aggrey wa Gold Coast. Tume hiyo ilipendekeza elimu ya Mwafrika iegemee kilimo, ufundi na afya. Kwa juu pendekezo hilo ni zuri. Lakini mzazi Mwafrika aliona watoto wa mtawala wakifundishwa vitabu, na wake akifundishwa jembe na nyundo, naye akaelewa haraka. Kalamu ilikuwa mlango wa kutokea. Patasi ilikuwa ukuta. Mtu akimwambia mzazi huyo kwamba ufundi una heshima, alikuwa na haki ya kuuliza: mbona humpeleki mwanao? Swali hilo bado linaulizwa, na nitalirudia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilifungua shule ya ufundi Ifunda, katika eneo lililokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, na baadaye nyingine Moshi. Mafundi waliotoka huko walikuwa hodari, na wakongwe wa biashara ya vifaa vya ujenzi huwazungumzia mpaka sasa. Uhuru ulipokuja, shule hizo ziligeuzwa kuwa sekondari za ufundi. Taifa lilihitaji wahandisi na watawala haraka, sikatai. Ila kila tulipopandisha shule ngazi moja, fundi mwenyewe alibaki chini bila shule.

Wagujarati tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, kwa sababu ya mtu mmoja wa kwetu. Mohandas Gandhi alizaliwa Porbandar katika ukoo wa Bania, ukoo wa wafanyabiashara, na baba yake alikuwa waziri wa mtawala wa pale. Huyo mtoto wa waziri, wakili aliyesomea London, alijifunza kushona viatu Afrika Kusini. Kazi ya mochi! Alitengeneza kandambili za ngozi akiwa kifungoni, na mwaka 1914, alipokuwa akiondoka nchini humo, akampelekea zawadi Jenerali Smuts, aliyemfunga. Smuts alizivaa miaka mingi, na mwaka 1939 akazirudisha kwa heshima, akikiri kwamba hakujiona anastahili kusimama ndani ya viatu vya mtu mkubwa namna hiyo. Mwaka 1937, katika mkutano wa Wardha, Gandhi alitoa mpango wake wa elimu, Nai Talim, ambao ndani yake mtoto angejifunza hesabu, lugha na historia kwa kupitia kazi ya mikono. Miaka 30 baadaye, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Mtu akivisoma viwili hivyo pamoja ataona undugu. Vilevile vilikutana na mkasa mmoja: wazazi walivipigia makofi, kisha wakatafuta shule yenye vitabu vingi zaidi. Na katika shule zetu nyingi kazi ya mikono ikageuka adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa alipewa jembe. Ni vipi atalipenda?

Baba yangu alifanya kama wazazi wengine. Aliacha karakana ya babu, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, na akapata riziki nzuri. Nilipokuwa na miaka 12 alinikuta nikijaribu randa ya babu nyuma ya nyumba, akanyang'anya mkononi, akaniambia kwa Kigujarati kwamba hakuvuja jasho lile lote ili mwanawe anuke vumbi la mbao. Nikamaliza kidato cha nne, nikaketi dukani. Kwa zaidi ya miaka 40 nimeuza misumeno, bawaba, pima maji na mashine za kuchomelea, nami siwezi kutengeneza hata kigoda. Na mwanangu nilipomaliza kumlipia shahada ya biashara, nilijisifu mbele ya wageni. Sikuwahi kumuuliza kama angependa kitu kingine.

Nirudi katika historia. Mwaka 1994 Bunge lilipitisha Sheria Na. 1 iliyoanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA. Sheria hiyo ilikuja na mfuko wake: waajiri hutozwa kodi ya kuendeleza stadi inayohesabiwa katika jumla ya mishahara, na theluthi ya makusanyo imekusudiwa kwa VETA. Kodi hiyo ilipata kuwa asilimia 6. Mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5. Sisi wafanyabiashara tumeilalamikia kila mwaka, mimi nikiwamo, na katika malalamiko yetu sijasikia mtu akiuliza ni mafundi wangapi wamepatikana. Tulihesabu iliyotoka tu. Na tangu Januari 2024 sekondari zetu zimeanza kuwa na mkondo wa amali, ambapo kijana wa kidato cha kwanza anaweza kusomea fani pamoja na masomo ya kawaida. Ni hatua kubwa. Mafanikio yake yatategemea watakaopelekwa huko: kama watakuwa wale tu walioshindwa kwingine, tutakuwa tumeijenga upya ngazi ya mwaka 1924 kwa matofali yetu wenyewe.

Mahitaji hayana shaka. Anayetaka ushahidi aitazame meli ya MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, iliyoundwa papa hapa na kuteremshwa majini mwaka 2023. Mkandarasi alitoka Korea, lakini safari hii chuma kiliungwa Mwanza. Au avuke daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Au, bila kwenda mbali, ateremke Mwaloni hapa Kirumba, kabla jua halijawa kali, awatazame waunda mitumbwi wakikunja ubao na kuziba mianya kwa pamba. Dagaa wote wanaokaushwa na kupakiwa pale kwenda Kongo na Burundi wamepita kwanza katika mikono ya watu hao. Wengi wao hawana karatasi yoyote.

Hilo la karatasi nililijua vizuri mlango wa hekalu letu ulipoharibika. Mvua iliingia kwenye kizingiti, mwimo mmoja ukaoza, na bawaba ya juu ikang'oka. Kampuni moja ilituletea makadirio ya kuweka mlango wa aluminiamu. Wajumbe walikuwa karibu kukubali. Ndipo mwenzetu mmoja akasema yupo seremala mtaa wa pili anayetengeneza milango ya nakshi. Tulimwita. Alikuwa mtu wa miaka 50 hivi, mpole, akapitisha kidole juu ya nakshi, akauliza nani aliichonga. Nilipomtaja babu, akasema babu yake mwenyewe alikuwa akifanya kazi na Mhindi aliyeitwa Mistri.

Alikuwa mjukuu wa Mzee Fundi. Familia yangu ilikuwa imeacha kazi ile kwa vizazi viwili, na familia yake ilikuwa haijaiacha hata siku moja.

Alinieleza, bila uchungu wa kusikika, kwamba aliwahi kunyimwa kazi ya samani za ofisi moja kubwa kwa sababu hakuwa na cheti, kisha mwenye zabuni akaja usiku kumwomba amtengenezee kazi hiyohiyo kwa malipo ya kibarua. Nikamuuliza kama anajua kwamba VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa vitendo, hufundishwa anapopungukiwa, hupewa cheti kinachotambulika. Alikuwa amesikia, ila hakuwa na wa kumwachia karakana siku za mafunzo. Nikalipia mishahara ya vijana wake kwa siku hizo. Naandika hivyo kwa aibu kidogo, maana kiasi chenyewe kilikuwa chini ya tulichotumia kwa maua ya mwaka huo.

Alipoushusha mlango, tulikuta kwenye ukingo wa juu, mahali pasipoonekana, vipimo vya penseli. Upande mmoja vimeandikwa kwa tarakimu za Kigujarati. Huo ni mwandiko wa babu, naujua kutokana na daftari. Upande wa pili vipimo vilevile vimeandikwa kwa mkono mwingine, tarakimu kubwa za kawaida, na chini yake neno moja: tayari. Kumbe yule aliyelipwa theluthi ndiye aliyekuwa akivihakiki vipimo.

Mlango umerudi mahali pake. Nimeiandikia kamati mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba sehemu ya mapato ya jarida hili ilipie ada ya vijana wa Kirumba, wa dini yoyote, watakaochagua fani, na watoto wetu wenyewe wakaribishwe kuomba kama wengine. Mjukuu wangu wa kike, anayependa umeme kuliko hesabu za duka, ameshaniambia ataomba. La pili ni kwamba chini ya majina ya wafadhili kuongezwe mistari miwili kwa ajili ya mafundi. Pendekezo la kwanza limekubaliwa. La pili, nilipokuwa nikiandika makala hii, lilikuwa bado linajadiliwa, na hoja ya wanaolipinga ni kwamba nafasi kwenye marumaru imekwisha. Nimelipima jiwe mwenyewe kwa futi ya chuma kutoka dukani kwangu. Zimebaki inchi 7.